Baiskeli, Lami na Msitu: Mtoto Wako Aendeshe Wapi?

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini punguza kidogo kelele za sufuria. Mazungumzo ya leo yanamhusu yule mtoto aliyechukua baiskeli asubuhi, akakuambia "nakuja sasa hivi", na mpaka saa hii hujui amefika wapi.

Wakati wa likizo moja ya shule, mama mmoja alinijia na msichana wake wa miaka 4. Siku tano kabla ya hapo, kaka yake wa miaka 11 alikuwa amembeba kwenye keria ya baiskeli kwenda dukani kununua sukari. Njiani mguu wa mtoto uliingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Walimtoa, wakamfunga kitambaa, akalia kidogo, akalala. Siku ya kwanza ngozi ya kisigino ilionekana nzima, imechubuka tu. Siku ya tano ilikuwa nyeusi na inatoa harufu. Ilibidi tumpeleke hospitali kubwa, na ilichukua miezi kabla hajavaa kiatu tena. Mama yake aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Sista, ingekuwa ni gari ningemleta siku hiyo hiyo. Lakini ilikuwa ni baiskeli tu."

Leo tuzungumze juu ya hiyo "baiskeli tu". Sitaki umnyime mtoto baiskeli. Nataka ujue ni njia gani anaweza kuiendesha, ni ipi hapaswi kuigusa, na ufanye nini akianguka.

BAISKELI INA FAIDA GANI?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za mchezo au kazi inayofanya moyo upige haraka. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki. Baiskeli inatimiza hayo bila gharama ya kila siku. Inaimarisha moyo, mapafu na misuli ya miguu. Inasaidia kuzuia unene, shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo zamani tuliyaona mjini tu na sasa tunayaona hata kwetu.

Pia baiskeli ni mguu wa pili wa nyumba. Inabeba maziwa, viazi, maji na mtoto wa shule. Kwa mwendo wa pole wa kilomita 9 kwa saa, shule iliyo umbali wa kilomita 3 inafikiwa kwa dakika 20. Kwa miguu ingekuwa karibu saa nzima kwa mtoto mdogo.

Na mama usiseme baiskeli haina maana. Chris Froome, aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara 4, katika mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi na kuanza kuendesha baiskeli akiwa mtoto hapa hapa Kenya. Lakini kumbuka pia kwamba hata waliobobea huanguka. Mkenya mwenzetu Suleiman Kangangi, nahodha wa timu yake, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa mashindanoni katika jimbo la Vermont, Marekani. Ikiwa bingwa anaweza kuanguka, mtoto wako anahitaji kulindwa zaidi.

JUA MAHALI UNAPOISHI

Timboroa si mahali pa kawaida. Tuko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa Ikweta unapita karibu nasi. Wazee wanakumbuka kwamba reli yetu ilijulikana kuwa miongoni mwa zile zilizopanda juu kabisa katika milki ya Waingereza. Urefu huu una mambo matatu kwa mwendesha baiskeli.

Kwanza, hewa ni nyepesi. Kila pumzi unayovuta hapa ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na Mombasa. Mtoto aliyezaliwa hapa amezoea. Lakini binamu aliyekuja likizo kutoka Kisumu au Mombasa hajazoea. Mwache apumzike siku mbili tatu kabla ya kushindana na wenzake mlimani. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, asisukumwe kufanya mazoezi makali huku juu kabla ya kuongea na daktari wake, kwani upungufu wa oksijeni, baridi na kukosa maji vinaweza kumletea maumivu makali. Mwenye pumu atembee na dawa yake ya kuvuta mfukoni.

Pili, baridi. Mvua ikimnyeshea mtoto kisha ateremke mlima kwa kasi, upepo humwondolea joto upesi sana. Akifika nyumbani anatetemeka, mikono haishiki vizuri, maneno yanamvurugika, huyo amepoteza joto la mwili. Mvue nguo zote zilizolowa, mkaushe, mfunike blanketi mpaka kichwani, umpe uji au chai ya moto yenye sukari kama yuko macho na anameza. Akiacha kutetemeka huku akizidi kulegea, hiyo si nafuu, ni hatari, mkimbize hospitali. Na tafadhali mama, usimfungie chumbani na jiko la makaa ili apate joto. Moshi usioonekana wa makaa umeua familia nzima usiku mmoja.

Tatu, jua. Ingawa tunasikia baridi, jua la mahali pa juu huchoma kuliko la bondeni. Kofia na maji ya kunywa ni lazima.

NJIA TATU ZA HAPA KWETU

Njia ya kwanza ni lami, barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Hapa nasema wazi: mtoto asiendeshe baiskeli kwenye barabara hii. Hii ndiyo barabara ya malori yanayokwenda Malaba mpaka Uganda, Rwanda na Kongo. Kutoka Timboroa inateremka pande zote mbili, upande wa Burnt Forest na upande wa Makutano. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 22 kila sekunde. Kabla hujamaliza kusema "mama yangu!" limeshapita urefu wa nyumba mbili, na dereva bado hajakanyaga breki. Ongeza ukungu wetu wa asubuhi, ongeza upepo wa lori unaomsukuma mtoto kisha kumvuta, utaona kwa nini nasema hapana.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mpaka umri wa miaka 10 hivi, akili ya mtoto bado haiwezi kukadiria vizuri mwendo wa gari linalokuja. Anaona gari liko mbali, anadhani ana nafasi. Si ukaidi, ni umri. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2023 inasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ikibidi kuvuka lami, mtoto ashuke, asimame, atazame kulia, kushoto, na kulia tena, kisha aisukume baiskeli kwa miguu akivuka moja kwa moja. Asivuke penye kona wala nyuma ya gari lililosimama kununua viazi.

Kijana mkubwa au mtu mzima ambaye hana budi kupita lami aendeshe upande wa kushoto, pembeni kabisa, mmoja nyuma ya mwingine. Avae jaketi ya kung'aa, awe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Asishike nyuma ya lori ili livute baiskeli mlimani. Vijana wanaliona kuwa mchezo. Lori likifunga breki, mchezo umekwisha.

Njia ya pili ni barabara za udongo zinazopita mashambani na kwenda shuleni. Hizi ndizo za kujifunzia. Chagua kipande cha tambarare, kisichopitwa sana na boda boda. Mtoto afanye mazoezi ya kufunga breki, kutazama nyuma bila kuyumba na kusimama anapoambiwa. Kabla hajaweza mambo hayo matatu, hajawa tayari kwenda peke yake. Mwambie pia kwamba breki zikiwa zimelowa hushika kwa kuchelewa. Penye mteremko wa matope, ashuke na kusukuma. Hakuna aibu.

Njia ya tatu ni za msituni. Msitu wetu una barabara pana kati ya miti ya saiprasi na paini, hakuna malori ya Malaba, na hewa yake ni safi. Kwa vijana wenye uzoefu ni mahali pazuri. Lakini msitu una masharti yake.

Msitu wa serikali unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Pitia kwanza kwenye ofisi ya msitu, uombe ruhusa na uulize ni barabara gani iko wazi siku hiyo. Marufuku ya kukata miti iliyowekwa mwaka wa 2018 ilianza kulegezwa mwaka wa 2023, kwa hiyo trekta au lori la magogo linaweza kutokea kwenye kona. Mahali wanapokata miti, watoto wasikaribie kabisa, na wasipande juu ya magogo yaliyorundikwa, maana huviringika.

Waende watatu au zaidi. Mmoja akiumia, wa pili abaki naye, wa tatu aje kuita mtu. Wawe na simu moja yenye chaji, maji, sweta na kitambaa safi. Wakuambie wanapitia njia gani na watarudi saa ngapi. Mvua yetu hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo waende asubuhi na wawe wametoka msituni kufikia saa 8 mchana. Wasiporudi kwa saa mliyokubaliana, usingoje giza. Anza kuuliza.

WAKIENDA MBUGA ZA MBALI

Shule na makanisa siku hizi huwapeleka vijana kuendesha baiskeli Hell's Gate karibu na Naivasha, au msitu wa Karura ulio ndani ya Nairobi. Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1984, nayo ni moja ya mbuga chache ambako watu huruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli karibu na punda milia, twiga na nyati. Karura ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000, ule ambao Profesa Wangari Maathai aliutetea dhidi ya wanyakuzi mwaka wa 1999. Una njia za baiskeli na walinzi.

Mtoto akienda, muulize mwalimu maswali matatu: kuna helmeti kwa kila mtoto? Ni nani mwenye sanduku la huduma ya kwanza? Ikinyesha mtafanya nini? Swali la tatu si la bure. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla kwenye korongo la Hell's Gate yaliua watu 7. Mvua inaweza kunyesha mbali, mahali wasipoiona, na maji yakawafikia wakiwa chini ya korongo. Kukiwa na dalili ya mvua, watoto waridhike na barabara ya juu, wasiteremke korongoni.

BAISKELI YENYEWE NA MTOTO ANAYEBEBWA

Watoto wetu wengi hujifunza kwa baiskeli ya baba, ile Black Mamba ndefu, wakipitisha mguu katikati ya fremu. Baiskeli ikianguka, mtoto ananaswa humo ndani. Akikaa kwenye kiti, vidole vya miguu yote miwili viguse chini. Kama havigusi, baiskeli hiyo bado ni kubwa kwake.

Kila wiki angalia breki zote mbili, upepo wa tairi, cheni na kengele. Angalia pia ncha za usukani kama zina mpira. Ncha ya chuma iliyo wazi hukata kama kisu. Fundi wa baiskeli akikuambia breki imeisha, usimwambie angoje mwisho wa mwezi.

Helmeti ni lazima kwa kadiri uwezavyo. Tafiti zinaonyesha kwamba hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu nusu. Ikae wima, ifunike paji la uso, na mkanda ufungwe mpaka kidole kimoja au viwili tu vipite chini ya kidevu. Iliyopasuka katika ajali haifai tena.

Sasa, mtoto wa kubebwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipandishwe baiskeli kabisa, wala mgongoni mwa mama, maana shingo yake haijakomaa. Aliye mkubwa zaidi abebwe na mtu mzima, si na kaka wa miaka 11. Awe na kiti kilichofungwa imara na mahali pa kuweka miguu, na avae viatu vilivyofunika vidole na kisigino. Mwombe fundi akate plastiki ngumu ya mtungi uliokwisha, aifunge kwa waya pande zote mbili za gurudumu la nyuma ili mguu usifikie spoku. Ni kazi ya saa moja. Nawe mama ukibebwa, kunja leso na mtandio vizuri. Kitambaa kikishikwa na gurudumu kinaweza kukukaba au kukuangusha.

AKIUMIA, FANYA HIVI

Mguu ulioingia kwenye spoku: simamisha baiskeli, usiuvute mguu kwa nguvu. Rudisha gurudumu nyuma polepole au kata spoku. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usitie mafuta ya taa, majivu, kahawa, dawa ya meno wala samadi. Funika kwa kitambaa safi na umlete siku hiyo hiyo, hata kama ngozi inaonekana nzima. Spoku husaga nyama ya ndani, na ngozi inaweza kufa baada ya siku kadhaa, kama ilivyokuwa kwa yule msichana. Akikataa kusimama, huenda mfupa umevunjika. Usimpeleke kukandwa, anahitaji picha ya eksirei. Njoo na kitabu chake cha kliniki tuangalie chanjo ya pepopunda.

Kichwa: mwangalie kwa karibu saa 24. Mpeleke hospitali mara moja ukiona alipoteza fahamu, ametapika zaidi ya mara moja, analala na haamki vizuri, ana degedege, kichwa kinazidi kumuuma, anatokwa na damu au majimaji masikioni au puani, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au anaongea mambo yasiyoeleweka.

Tumbo: usukani ukimpiga tumboni, usidanganywe na alama ndogo ya nje. Wengu au ini linaweza kuvuja damu ndani polepole. Tumbo likizidi kuuma au kuwa gumu, akitapika, akipauka au akilalamikia bega bila kuligonga, usingoje asubuhi. Usimpe chakula wala kinywaji; mpeleke.

Shingo au mgongo: akisema shingo inauma au hasikii miguu, asinyanyuliwe kwa pupa, asivuliwe helmeti kwa kuvutwa, wala asikalishwe kwenye boda boda. Mshikilie kichwa kitulie na mtafute gari ambalo anaweza kulala chali. Piga 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Sista, ni kweli msichana akiendesha baiskeli hatazaa?" Si kweli. Tumbo la uzazi liko ndani kabisa, limelindwa na mifupa ya nyonga. Baiskeli haiharibu uzazi, na haimwondolei msichana ubikira wala heshima yake. Hata akiwa kwenye hedhi anaweza kuendesha. Msichana mwenye baiskeli anafika shule mapema na halazimiki kukubali lifti ya kila anayesimamisha pikipiki.

"Nina mimba. Niendelee kuendesha?" Kadiri tumbo linavyokua, mwili huyumba kwa urahisi. Hatari kubwa ni kuanguka. Kwenye njia zetu za matope na mawe, afadhali utembee. Ukianguka, hata usipohisi maumivu, njoo kliniki tusikilize mtoto.

"Sina pesa za helmeti. Nifanye nini?" Anza na yasiyo na gharama: mtoto asiguse lami, asibebe mwenzake, ashuke penye mteremko. Kisha akina mama wa chama kimoja mnaweza kununua moja moja, watoto wakapokezana.

YA KUKUMBUKA

Lami si ya watoto. Barabara ya udongo ni ya kujifunzia. Msitu ni wa waliozoea, wakiwa na ruhusa, wakiwa watatu, na asubuhi.

Mtoto hambebi mtoto. Funika spoku.

Aliyeumia kisigino, kichwa au tumbo aletwe siku hiyo hiyo.

Yule msichana wa kisigino sasa anatembea, ingawa anachechemea kidogo kukiwa na baridi. Kaka yake ndiye aliyemsaidia fundi kufunga plastiki kwenye gurudumu. Leo jioni mtoto wako akirudisha baiskeli, kabla hujamuuliza kama amenunua sukari, zungusha gurudumu la nyuma na utazame miguu ya mdogo wake ingekaa wapi.

Mkiwa na swali, mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, au njooni dispensari.